Kuijenga upya 3L ya Hilux uani kwako, hatua kwa hatua

Hilux yangu ilichemsha mlima Kitonga, saruji mgongoni, zikiwa zimebaki kona chache kumaliza. Nilipofungua hedi nilikuta fundi aliyenitangulia alishaitoa themostati kabisa, "ili maji yapite vizuri". Nitalirudia jambo hilo mbele, maana limeua injini nyingi kuliko ubovu wa spea.

Injini ninayoizungumzia ni 3L: dizeli ya silinda nne, cc 2779, kipenyo cha silinda milimita 96, mwendo wa pistoni milimita 96. Ndugu zake ni 2L (cc 2446) na 5L (cc 2986). Kazi zinafanana, ila namba zinatofautiana, kwa hiyo usichukue kipimo cha moja ukakipachika kwenye nyingine.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli inahitaji kufunguliwa

Oili nyeusi kwenye dizeli si ugonjwa. Moshi mweusi mara nyingi ni nozeli au pampu. Kabla ya kushika spana, pima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda. Pasha injini moto, toa plagi zote za kupasha, chomoa waya wa solenoidi inayokata dizeli kwenye pampu, funga geji ya dizeli (ya petroli itapasuka), kisha piga stata. 3L nzima inasoma karibu psi 455. Ikishuka chini ya psi 284, au silinda moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya psi 71, basi fungua.

Fungua pia kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua kwa nguvu na kutupa matone ya oili, ringi zimechoka. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta ni gasketi, au hedi imepasuka.

Hatua ya 2: Mahali na vifaa

Huhitaji gereji, ila unahitaji sakafu ngumu, kivuli na turubai la kufunika kazi usiku. Winchi ya mnyororo iandalie miguu mitatu ya bomba nene la chuma. Najua wengi wananing'iniza injini kwenye tawi la mwembe. Mimi pia nilifanya hivyo zamani. Tawi halikukatika, lakini siku hiyo nilizeeka miaka miwili.

Vya lazima: toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mwanya), maikromita, geji ya kupimia ndani ya silinda na daio geji (saa ya kupimia mwinuko). Huna? Azima au kodi, lakini usipime kwa kucha. Tafuta pia trei mbili za mayai. Hedi hii ina valvu nane, vikombe vinane vya kusukumia valvu na shimu nane (visahani vya kurekebisha mwanya wa valvu), na kila kimoja kinatakiwa kurudi kilikotoka. Hakuna boksi la kisasa linaloishinda trei ya mayai iliyoandikwa namba kwa kalamu.

Hatua ya 3: Kushusha

Toa betri, mwaga maji na oili, toa boneti, rejeta na feni. Piga picha kila waya na kila mpira kabla ya kuchomoa. Mabomba ya dizeli yazibe midomo papo hapo kwa vipande vya nailoni safi. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye pampu, utalipia zaidi ya ovahoo yenyewe. Pampu na nozeli usizifungue nyumbani. Zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia.

Kabla ya kutoa mkanda wa taimingi, zungusha krenki hadi alama za krenki, kamshafti na pampu zikae mahali pake, halafu piga picha tatu.

Hatua ya 4: Kufungua bila kuharibu ushahidi

Bolti za hedi zilegeze kuanzia za nje kuelekea katikati, kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa. Ukiifungua moja mpaka mwisho huku nyingine zimekaza, hedi inapinda mbele ya macho yako.

Vifuniko vya konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) vipige alama kabla ya kuvitoa, na kila kimoja kirudi kwa konrodi yake. Metali, yaani vibati laini vinavyobeba krenki na konrodi, zipange kwa mfuatano na uzisome. Iliyokwaruzwa na mistari imepitisha uchafu. Iliyofika kwenye rangi ya shaba imekosa oili au imezeeka. Ikiwa zimelika upande mmoja, konrodi imepinda. Ukizitupa kwenye ndoo bila kuzitazama, utafunga metali mpya juu ya ugonjwa uleule.

Hatua ya 5: Pima, halafu ndiyo ununue

Hapa ndipo ovahoo nyingi zinapokufa. Mwenye gari anakimbilia Kariakoo kununua "seti kamili", anarudi na pistoni za standadi (saizi ya kiwandani) wakati silinda inataka zilizozidi kwa milimita 0.50, kisha anamlazimisha fundi aifanye iingie.

Pima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili: sambamba na krenki na kukatiza krenki. Hizo ni namba sita kwa silinda, ziandike daftarini. Ulikaji ukizidi milimita 0.20 juu ya standadi, silinda inachongwa kwenda ovasaizi, yaani saizi kubwa zaidi. Krenki pima kila shingo kwa pande mbili pia, maana ikiwa yai hata kidogo inasagwa.

Hedi isafishe, weka rula nyofu juu yake kwa urefu na kwa mshazari, ingiza fila geji. Ikipita ya milimita 0.20, imepinda. Kisha tafuta nyufa kati ya valvu ya kuingizia na ya kutolea, na kuzunguka vikombe vya mwako. Macho peke yake hayatoshi. Fundi mashine aijaribu kwa presha kabla hujalipia kuiplena (kunyoosha uso wake kwa mashine), vinginevyo utakuwa umelainisha kitu kilichokwisha kufa.

Ukishajua saizi, nunua pistoni kwanza, uzipeleke pamoja na bloku. Fundi mashine anachonga kufuata pistoni iliyo mkononi mwake, si kufuata maandishi ya boksi. Mkatalie kabisa akikwambia "hizi zote ni sawa".

Hatua ya 6: Bloku ikirudi

Itarudi inang'aa na utadhani ni safi. Si safi. Unga wa jiwe la kuhoni (la kusugulia silinda baada ya kuchonga) umejificha kwenye mistari ya silinda, na dizeli au petroli havitoi unga huo, vinausambaza tu. Chukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, sugua kila silinda, pitisha brashi ndefu kwenye njia zote za oili, suuza, kausha kwa upepo wa kompresa, halafu pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili safi. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Mimi huwa narudia mara tatu au nne. Hapohapo paka oili kabla kutu haijaanza, maana inaanza ndani ya nusu saa.

Ringi mpya zinazolika mapema baada ya ovahoo, mara nyingi zimesagwa na unga huu. Lawama anaipata muuza spea.

Hatua ya 7: Kufunga

Metali za bloku kavu upande wa nyuma, oili upande wa krenki. Kwanza pima nafasi ya oili kwa plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya metali na krenki: kaza, fungua, soma upana. Ikizidi milimita 0.10, simama, kuna kosa la kusaga au umeuziwa saizi isiyo yake. Vifuniko vya krenki ni vitano na vina namba. Kaza hadi Nm 103, na kila ukikaza kimoja zungusha krenki kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, kosa liko kwenye kifuniko ulichomaliza kukaza, huna haja ya kutafuta mbali.

Ringi: ingiza kila moja ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila geji na ulinganishe na kitabu cha injini. Mianya ya ringi isipangane mstari mmoja. Alama ya pistoni itazame mbele. Bolti za konrodi ni Nm 54, kisha digrii 90. Weka nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili uione digrii kwa macho.

Sasa daio geji. Leta kila pistoni juu kabisa, pima imejitokeza kiasi gani juu ya bloku. Gasketi za hedi za injini hii zipo za unene tatu, zenye alama B, D na F, na unachagua kwa kufuata pistoni iliyojitokeza zaidi. Duka litakupa lililonalo; wewe uliza alama.

Hedi: kaza kuanzia katikati kwenda nje, Nm 78, kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena. Mianya ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 hadi 0.30 kwa za kuingizia, na 0.40 hadi 0.50 kwa za kutolea. Mkanda wa taimingi uwe mpya pamoja na tenshena. Zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa spana, usiguse stata, urudi kutazama alama. Mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni, kwa hiyo badili kila kilomita 100,000 na usisubiri taa.

Hatua ya 8: Marekebisho

Kila mtu ananiuliza turbo. Jibu langu ni hapana. 3L ilitengenezwa bila turbo, na ukiibana bila kubadili upoozaji wa pistoni na upimaji wa dizeli, unainunulia hedi nyingine. Ukitaka nguvu zaidi, tafuta 5L nzima. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadili bloku karekebishe taarifa TRA kabla trafiki hajakufundisha.

Fedha yako iweke hapa: rejeta yenye safu nyingi zaidi, geji ya joto inayosoma namba halisi (ya kiwandani hukaa katikati mpaka mambo yameshaharibika), na chujio la kutenganisha maji kwenye dizeli.

Na themostati irudi mahali pake. Ina kisahani cha pili upande wa chini. Maji yakipata moto, mlango wa juu unafungua njia ya rejeta, na hicho kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji inazunguka bila kuionja rejeta. Barabara tambarare hutaona kitu. Kitonga utaona.

Hatua ya 9: Kuwasha

Chomoa tena waya wa solenoidi ya dizeli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha waya, toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, legeza nati za nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Usiweke kidole mbele ya dizeli ya presha. Inapenya ngozi, na hapo unakwenda hospitali bila kusubiri.

Awepo mtu kando ya mdomo wa hewa akiwa ameshika ubao bapa. Injini ikipanda mzunguko yenyewe na swichi haiizimi, anaziba mdomo huo na inakufa. Asitumie kiganja wala kitambaa.

Ikishawaka usiiache iungurume imesimama saa nzima kama harusi. Ipashe, kagua uvujaji, kisha iende barabarani na mzigo mdogo, ukipandisha na kushusha mwendo, maana ringi zinakaa vizuri zikisukumwa. Kilomita 500 mwaga oili, kata chujio kwa msumeno na utandaze karatasi yake juani. Vumbi laini la chuma ni kawaida mara ya kwanza. Vipande vinavyomeremeta rangi ya shaba vinakurudisha kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) siku hiyohiyo.