Voi hadi Taveta: jirekodie historia kabla ya kuwasha gari

Ukipanga safari ya kuona viwanja vya Vita Kuu ya Kwanza kule Taita Taveta, jirekodie maelezo kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Fanya vipande vya dakika tatu nne, kila kituo na chake: Voi, Maktau, Salaita, Taveta. Anzia Voi, maana ndivyo jeshi la Waingereza lilivyosogea, likijenga reli huku likisonga mbele.

Kipande cha Salaita usikisikilize ukiendesha. Egesha gari, zima injini, utazame upande wa mashariki. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, walikuja kutoka huko wakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, ambalo wengi wake walikuwa askari Waafrika. Kilima cha Salaita si kirefu, ila kimesimama peke yake kwenye tambarare. Ukiwa pale utaelewa haraka kuliko kwa ramani yoyote.

Na tafadhali, wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi wape kipande chao. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, lakini wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Ramani ipakue mapema, usitegemee mtandao njiani.