Maji ya bomba yakirudi baada ya kukatika, usikinge ndoo ya kwanza

Ndugu zangu wa Newala na Tandahimba, huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, kwa hiyo tumeshazoea bomba kukauka. Yakirudi, kila mtu mbio na ndoo. Hapo ndipo pa kuwa makini.

Bomba likikaa tupu, msukumo wa ndani hupotea, na penye ufa maji machafu ya ardhini hupenya. Mvua za Desemba hadi Aprili ndizo mbaya zaidi. Basi maji ya mwanzo yafulie, yadekie, au yamwagilie mchicha. Subiri yatoke meupe ndipo ukinge ya kunywa.

Na meupe si salama, tafadhali. Kama yana tope, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha chemsha mpaka yatokote kwelikweli, walau dakika moja. Mkaa ukiwa ghali, tumia vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa. Lakini chuja kwanza, maana tope huidhoofisha dawa.

Kitu ninachokiona nyumba nyingi: maji yamechemshwa vizuri, halafu kikombe kinazamishwa ndooni na mkono wa mtoto aliyetoka kucheza. Weka kwenye dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki, na mfuniko usiondoke.