Jinsi ya kuomba usajili wa jumuiya ya watumia maji kwa vijiji vinavyotegemea visima, na pale tulipokwama sisi

Jamani, watu wengi wanauliza kijiji kifanye nini mtu anapokuja kuchimba kisima kirefu cha shamba halafu visima vya wananchi vinaanza kukauka. Kwetu ilitokea hivyohivyo. Tulipeleka barua za malalamiko, zikapokelewa, tukaambiwa zitafanyiwa kazi, basi ikaishia hapo. Sasa tuna jumuiya iliyosajiliwa, imetuchukua karibu mwaka, na naandika nikiwa bado nakumbuka kila safari ili nyie isiwachukue muda wote huo.

Kwanza kabisa jueni mnaomba nini, maana hapa ndipo tulipoteza miezi miwili. Kuna vyombo viwili vya jamii na majina yake yanachanganya sana. Kimoja ni kile kinachoendesha mradi wa bomba na vituo vya kuchotea, kinakusanya hela ya ndoo, wengi wanakiita CBWSO, hicho kiko chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. Kingine ndicho hiki, Jumuiya ya Watumia Maji, chenyewe kinahusu maji yenyewe kwenye chanzo, nani anachukua, kiasi gani, wapi pasichimbwe, na kiko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Sisi tuliandaa faili zima la ile ya kwanza, na katiba tumenakili ya kijiji chenye bomba, imejaa mambo ya mita na bei ya ndoo. Tulikosea wenyewe kwa kutouliza.

Halafu mjue mko bonde lipi. Tanzania ina mabonde 9 na mipaka yake haifuati mkoa wala wilaya, inafuata maji yanakoelekea. Dodoma kwa mfano, Makutupora iko Wami/Ruvu ambayo ofisi yake iko Morogoro, lakini sehemu nyingine za mkoa huohuo ziko Bonde la Kati na ofisi ni Singida. Pangani ni Moshi, Rufiji ni Iringa, Rukwa ni Mbeya. Mabonde yana ofisi ndogo pia, kwa hiyo pigeni simu kwanza kabla hamjapanda basi, muulize kijiji chenu kinahudumiwa wapi na wanataka fomu gani, kwa sababu nauli ya watu watatu kwenda na kurudi ni michango ya wanawake waliouza kuku.

Mkutano sasa. Sheria inasema jumuiya inaundwa kwa makubaliano ya walio wengi kati ya watumiaji wa maji, na neno watumiaji lisomeni vizuri. Mkutano wetu wa kwanza uliitishwa saa nne asubuhi, wakaja wazee na vijana wa bodaboda, wale wanaochota maji walikuwa kisimani kwenye foleni. Muhtasari ulipofika bonde afisa aliangalia orodha ya mahudhurio akauliza wanawake wako wapi, na wafugaji je, hawanyweshi mifugo hapo? Akaturudishia. Alikuwa sahihi kabisa na mpaka leo namshukuru. Mkutano wa pili tuliufanya jioni palepale kwenye kisima cha shule, mama mmoja akasema kitu ambacho sisi wanaume hatukukijua, kwamba kile kisima kinakauka saa tatu asubuhi na kurudi usiku, siku zile tu pampu ya shambani ikiwa inanguruma. Hiyo ndiyo ikawa msingi wa hoja yetu yote.

Muhtasari uwe na tarehe, agenda, idadi ya waliokubali na waliokataa, orodha yenye jina, kitongoji, sahihi au dole gumba, na muhuri wa mtendaji. Na msijifungie kijiji kimoja, maji ya chini hayajui mpaka, kisima chenu na cha jirani mnaweza kuwa mnakunywa mtungi mmoja, sisi ilibidi tuongeze kijiji cha pili katikati ya safari na mikutano ikaanza upya.

Mambo ya barua ya maombi, majina ya viongozi wa muda na nakala za vitambulisho sitayaelezea, mnayajua. Katiba ndiyo ikaeni nayo. Iandikeni kwa kazi ambazo sheria inaipa jumuiya: kusimamia na kutunza chanzo mnachotumia pamoja, kushika kibali cha kutumia maji, kusuluhisha migogoro ya wanachama, kukusanya ada kwa niaba ya bodi. Eneo la chanzo muweke ndani ya katiba, na kama mna mto, ziwa au bwawa, wekeni pia ile marufuku ya shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, iliyopo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwenye orodha ya visima wataomba majira ya nukta, yaani namba za kuonyesha kila kisima kiko wapi kwenye ramani, simu inatoa digrii lakini sisi tulitakiwa kuandika UTM, ule mfumo wa kuhesabu kwa mita, tukapima visima vyote upya, kwa hiyo ulizeni mapema.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye fomu yoyote na kimetusaidia kuliko vyote ni daftari la kina cha maji. Kamba ya nailoni, fundo kila nusu mita, nati nzito mwishoni. Unashusha taratibu asubuhi kabla hata ndoo moja haijachotwa, nati ikigusa maji unasikia chubwi, unashika kamba pale ukingoni unahesabu mafundo mpaka chini, unaandika tarehe, saa, kina, na kama pampu ya jirani inafanya kazi. Andikeni mvua pia. Makutupora, kwenye visima vinavyolisha mji wa Dodoma, wana kumbukumbu tangu miaka ya 1950 na ndizo zinazoonyesha kwamba maji ya pale yanajazwa hasa na misimu ya mvua kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98, sasa bila kumbukumbu utamwambiaje mtu kama upungufu ni wa ukame au ni wa pampu?

Kupeleka faili: nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe mkiwa mmesimama hapohapo. Ofisi moja tuliyopitia walipokea bila muhuri, tuliporudi faili halionekani na hatukuwa na cha kuonyesha, wiki tano zikapotea.

Mkishasajiliwa ombeni kwa maandishi kujulishwa maombi ya vibali vya visima eneo lenu, na pingamizi likihitajika liandikwe na jumuiya, ukurasa mmoja, kisima gani, kimeshuka mafundo mangapi, tangu lini, na nakala ya daftari nyuma. Sisi tumeomba masaa ya pampu yapangwe ili isiwashwe kuanzia alfajiri hadi saa nne, hatujaomba ifungwe, maana mwenye shamba naye sasa ni mwanachama na anakaa kwenye kikao. Maafisa wamekuja kupima wenyewe mara moja. Mama wa kisima cha shule ndiye aliyewashikia kamba.