Kutumia kamera ya renjifainda ukiwa umevaa miwani

Mwenye miwani akishika renjifainda, kamera inayofokasi kwa kulinganisha picha mbili ndani ya kidirisha chake, kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: mbona sioni mistari ya fremu, ile inayoonyesha mipaka ya picha? Wengine huiuza kamera wakiamini macho yao ndiyo mabovu. Macho hayana kosa. Kitazamio, kile kidirisha tunachochungulia, kinataka jicho likae karibu nacho, na kioo cha miwani hukaa kiasi cha milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho. Ni kama kuchungulia tundu la ufunguo. Ukilibandika jicho unaona chumba kizima, ukirudi nyuma kidogo unabaki na ncha ya kitanda.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kununua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa. Kila kitazamio kina ukuzaji wake. Ukuzaji wa 1.0 unaonyesha vitu kwa ukubwa ule ule unaoviona kwa jicho tupu, na ukuzaji mdogo unavipunguza. Chukua namba hiyo, igawe kwa urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake, kama 50 au 35), kisha zidisha kwa 1000.

Kamera ya Leica M6 yenye ukuzaji wa 0.72 na lenzi ya 50 inatoa 14.4. Kamera hiyo hiyo na lenzi ya 35 ni 20.6, na ya 28 ni 25.7. Leica M3 ya mwaka 1954, yenye ukuzaji wa 0.91, ikiwa na 50 inatoa 18.2. Bessa R3A ya Voigtländer, ambayo ukuzaji wake ni 1.0 kamili, inatoa 25 kwa lenzi ya 40.

Kwa macho yangu na ya wanafunzi wangu, ikiwa chini ya 18 fremu yote inaonekana na nafasi inabaki pembeni. Kwenye 20 mistari inagusa ukingo na lazima ubane kamera usoni. Kwenye 25 huipati fremu yote kwa mtazamo mmoja. Wewe unaweza kupanda au kushuka kidogo kulingana na miwani yako, lakini hesabu itakuonya mapema. Kama moyo wako uko kwenye 28, tafuta Leica ya 0.58 (20.7) au Bessa R4A ya 0.52 (18.6), usihangaike na ya 0.72.

Kupunguza ukuzaji kuna gharama yake. Usahihi wa kufokasi unatokana na umbali kati ya madirisha mawili ya mbele ukizidishwa na ukuzaji. Kwenye Leica M6 umbali huo ni milimita 69.25. Kwa 0.72 unapata kama 50, kwa 0.58 unapata 40 tu. Anayepiga picha za sura kwa lenzi ya 90 iliyofunguliwa wazi ataiona tofauti hiyo kwenye kope za mtu.

Hatua ya pili: linda kioo cha miwani

Kamera nyingi za zamani zina ukingo wa chuma kwenye kitazamio, na miwani ya plastiki huchubuka upesi. Mimi niliharibu kioo cha kulia katika wiki mbili. Nenda duka la vifaa vya bomba, nunua oringi (pete ya mpira) inayolingana na ukingo ule, ibandike kwa gundi ya mpira. Iwe nyembamba, milimita 1 inatosha. Ikiwa nene, inalisukuma jicho nyuma na unakuwa umejirudishia tatizo.

Hatua ya tatu: rekebisha miwani yenyewe

Mwombe fundi miwani akunje vile vishikizo vya puani ili kioo kikae karibu zaidi na jicho, bila kugusa kope. Milimita mbili tu zinafungua kona za fremu. Ukinunua miwani mpya, chagua yenye vioo vyembamba na bapa. Ile inayogeuka nyeusi juani siipendekezi kabisa kwa kazi hii, maana jua la mchana likishaitia giza, kiraka cha kufokasi, kile cha katikati ya kitazamio ambamo picha ya pili huonekana, nacho kinafifia.

Hatua ya nne: weka jicho katikati

Kiraka kile cha katikati kinataka jicho linyooke nacho. Jicho likienda pembeni, kiraka hufifia au hugeuka cheupe, hasa kwenye M6 ukielekea kwenye mwanga. Fokasi kwanza jicho likiwa katikati. Ndipo usogeze jicho kidogo kushoto ukague ukingo mmoja, kisha kulia ukague mwingine. Na ujue kwamba mistari hupimwa kwa umbali wa karibu, kwa hiyo vitu vikiwa mbali filamu hubeba zaidi ya ulichokiona.

Hatua ya tano: lenzi ya kurekebisha

Ziko lenzi ndogo za kufunga kwenye kitazamio ili uvue miwani. Tazama cheti chako cha macho. Penye CYL (kipimo cha astigmatizimu) pakiwa patupu au pana namba ndogo sana, zitakufaa. Namba ikiwa kubwa, baki na miwani, kwa sababu lenzi hizi hurekebisha SPH tu, yaani kutoona mbali au karibu. Kitazamio cha Leica M tayari kina nguvu ya dayopta -0.5 (dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya lenzi), kwa hiyo usinunue kwa kukisia. Nenda na kamera kwa fundi miwani, akushikie lenzi zake za majaribio mbele ya kitazamio huku ukitazama mbali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimerithi Canonet QL17 ya babu, kiraka sikioni kabisa. Ni miwani yangu?*

Marahaba. Mpe mtu asiyevaa miwani achungulie. Naye asipokiona, basi ni kamera, kioo cha ndani kimechakaa au kimeshika ukungu. Kwa kuanzia, kata kipande kidogo cha utepe mweusi wa umeme, ukibandike mbele ya dirisha kubwa mahali panapolingana na kiraka. Picha ya pili itajitokeza.

*Mimi natumia jicho la kushoto. Pua inagonga kamera na miwani inapanda juu.*

Dada, kitazamio kiko upande wa kushoto wa kamera, kwa hiyo jicho la kulia ndilo linaloachia pua nafasi. Jaribu la kulia kwa rola moja nzima ya filamu kabla ya kukata tamaa. Likikataa, geuza uso kidogo upande wa kulia, na upunguze matarajio: shuka namba mbili kwenye hesabu ya hatua ya kwanza.

*Nina miaka 58, miwani yangu ina sehemu ya kusomea chini. Kitazamio kina ukungu, ila kwenye kompyuta naona vizuri.*

Shikamoo mzee wangu. Unachungulia kupitia sehemu ya chini. Kwenye kitazamio cha Leica picha inaonekana kana kwamba iko mita 2 mbele, si kwenye kiganja, kwa hiyo inahitaji sehemu ya juu ya kioo. Inamisha kidevu, na uinue kamera hadi kitazamio kiwe usawa wa nusu ya juu ya miwani. Zoezi la siku tatu hivi bila filamu ndani, mkono utazoea wenyewe.