Mpira wa mkojo kwa mgonjwa mahututi: usiugeuze njia ya vijidudu

Swali la kwanza kila asubuhi: mgonjwa bado anauhitaji mpira huu unaotoa mkojo kibofuni? Kila siku inayoongezeka huongeza hatari, na mara nyingi mpira hubaki kwa sababu tu hakuna aliyeagiza utolewe.

Ukibaki, pakaza spriti ya mikono kwa sekunde 20 hadi 30, vaa glavu, kisha shika. Mikono yenye uchafu unaoonekana ioshwe kwa sabuni na maji tiririka, sekunde 40 hadi 60. Maji yakikatika, ndoo yenye koki inatosha, beseni la kuchovya halifai.

Funga mpira pajani usivutike. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Hapa ndipo mambo huharibika: mgonjwa wa rufaa kutoka Kasulu au Kibondo kwenda Kigoma mjini anapandishwa kwenye gari, na ndugu, kwa nia njema kabisa, anauweka mfuko juu ya tumbo la mgonjwa. Mkojo uliolala humo na vijidudu vyake unarudi kibofuni. Mwageni mfuko kabla ya safari, na mwelezeni ndugu sababu.

Mwaga mfuko ukijaa theluthi mbili, kila mgonjwa na jagi lake. Mdomo wa koki ya mfuko usiguse jagi. Usitenganishe mpira na mfuko ili kupata sampuli: safisha sehemu ya kuchukulia kwa spriti, vuta kwa sirinji tasa, isiyo na vijidudu. Sehemu za siri zioshwe kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida. Dawa kali hazihitajiki.