Somo: Tyubulesi kwenye baisikeli ya mbio, kwa barabara zetu za Nairobi

Kila wiki hapa jukwaani swali ni lile lile: "Wadau, niweke tyubulesi au nibaki na tyubu?" Mwezi ukiisha, aliyeuliza anarudi: "Mbona upepo unaisha usiku?" Yote nimeyaweka hapa. Tyubulesi ni tairi lisilo na tyubu: upepo unashikwa na tairi na rimu vyenyewe, na dawa ya majimaji iliyo ndani huziba matundu madogo. Ukiuliza tena, nitakutumia somo hili na kwenda zangu.

Kwanza, nani ahangaike nayo. Anayepanda mara kadhaa kwa wiki, na njia zake zina miba ya migunga (ukishapita Kiserian kuelekea Magadi unajua ninachosema) au vile vinyuzi vya chuma vinavyobaki kandokando ya Thika Road na Mombasa Road lori likipasua tairi. Vitu hivyo hutoboa tundu dogo, na tundu dogo ndilo dawa inaloliweza. Kama baisikeli yako hutoka Jumapili moja kwa mwezi, baki na tyubu. Dawa itakukaukia ndani ya tairi bure.

1. Kagua rimu kabla ya kununua chochote. Iwe imeandikwa kwamba inakubali tyubulesi, ama kwenye kibandiko ama kwa mtengenezaji. Baisikeli nyingi za mtumba zina rimu za zamani zisizo na ile ngazi ya kushika ukingo wa tairi kila upande. Hizo usizigeuze, hata fundi akikuapia. Kisha pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani. Ukikuta mdomo uliojikunja kwa ndani, hiyo ina ndoano. Ukuta ukiwa umenyooka tu, haina ndoano, na hapo upepo hauzidi psi 72.5 (bar 5), na tairi lazima liwe limeidhinishwa kwa rimu za aina hiyo. Upana nao una masharti: rimu isiyo na ndoano yenye milimita 25 kwa ndani inataka tairi la upana wa milimita 29 kwenda juu. La 28 litaingia na litakaa vizuri tu, ila kiwango cha kimataifa cha tairi na rimu hakiliruhusu. Februari 2024, kwenye mashindano ya UAE Tour, tairi la mpandaji wa kulipwa Thomas De Gendt lilitoka kwenye rimu isiyo na ndoano akaanguka, na ubishi kuhusu rimu hizi ukawaka upya. Huyo alikuwa mtu mwenye makanika wake na gari la timu nyuma yake.

2. Chagua tairi. Liwe limeandikwa tyubulesi ubavuni. Tairi la kawaida la kukunjwa lina ukingo unaoweza kutanuka likikosa tyubu, na likitoka kwenye mteremko wa kwenda Maai Mahiu hutapata nafasi ya kujuta. Saizi: 28-622 (upana milimita 28, kwa rimu ya kipenyo cha milimita 622) kama fremu inaruhusu, 30 au 32 kama kuna nafasi zaidi. Acha angalau milimita 4 kila upande. Breki za kubana rimu nyingi huishia 25 au 28, kwa hiyo pima. Na usinunue lile jepesi kuliko yote dukani. Chagua lenye kitambaa cha kinga chini ya mpira, hata kama linakuongezea gramu 50.

3. Safisha rimu kwa spiriti. Isiwe na mafuta. Baadhi ya spiriti za duka la dawa huchanganywa na mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na juu ya mafuta ile tepu ya kuziba matundu ya spoki haishiki.

4. Tepu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na lawama zikaenda kwa tairi, valvu na dawa.

Upana wa tepu ni upana wa ndani wa rimu ukiongeza milimita 2 au 3. Rimu ya 21, tepu ya 23 au 24. Ikiwa nyembamba haitafika chini ya kingo za tairi, na upepo utapita pembeni. Ikiwa pana mno itapanda ukutani na kukunjamana. Anza spoki moja au mbili baada ya tundu la valvu, zunguka ukiivuta kwa nguvu (rimu iwe imebanwa, si kushikwa kwa magoti), na usimalizie kwenye tundu. Lipite, endelea sentimita 10 hadi 15 juu ya ulipoanzia, kisha kata kwa mkasi. Chukua kitambaa, sukuma viputo kutoka katikati kwenda pembeni. Tepu ishuke hadi kwenye sakafu ya mfereji wa kati. Ikining'inia kama hema juu ya mfereji, upepo utaisukuma hadi ipasuke.

Ukimaliza, vaa tairi pamoja na tyubu ya kawaida, jaza psi 60, acha ilale hivyo usiku mzima. Tyubu inaigandamiza tepu kila pembe. Asubuhi toa upande mmoja wa tairi tu na uvute tyubu. Hatua hii watu huiruka kwa sababu ya haraka, halafu huja hapa kuuliza.

Tundu la valvu usilikate kwa kisu. Kisu huacha mkato, na mkato hutembea kadiri upepo unavyosukuma. Pasha moto ncha ya spoki kuukuu au msumari mwembamba, toboa katikati ya tundu, tundu liwe dogo kuliko valvu. Kama rimu ni ya kaboni, ncha isiguse kaboni.

Tepu ya umeme usitumie. Inatanuka, gundi yake inalainika juani, na kuibandua baadaye ni adhabu.

5. Valvu. Isukume, kaza nati kwa vidole. Koleo hapana: utahitaji kuitoa barabarani siku moja.

6. Vaa tairi. Mshale uelekee mbele. Anza upande ulio mkabala na valvu, malizia kwenye valvu, na kila mara rudisha kingo katikati ya mfereji. Valvu inaziba mfereji pale ilipo, ndiyo maana hapo panaachwa mwisho. Likigoma, ongeza maji ya sabuni na leva za plastiki. Za chuma zitachana tepu yako.

7. Jaza upepo bila dawa kwanza. Toa kiini cha valvu (kile kipande cha ndani kinachofunguka) ili upepo uingie kwa kishindo, paka sabuni kingoni, pampu ya tangi au pampu kubwa ya sakafuni. Utasikia "pa!" mara mbili au zaidi. Zungusha gurudumu uone ule mstari wa ubavuni uko sawa pande zote. Ukienda petroli stesheni, kiini kibaki ndani: adapta ya kugeuza valvu nyembamba iwe ya gari hujifunga kwenye kiini chenyewe, kikitoka haina pa kushika. Tena mashine zile zinaweza kupita psi 72.5 kabla hujapepesa, kwa hiyo piga kidogo kidogo, ukipima.

8. Dawa. Tikisa chupa sana, chembe za kuziba hutuama chini. Mililita 30 hadi 40 kwa tairi la 28, 40 hadi 50 kwa la 32, kwa sindano kupitia valvu. Rudisha kiini, jaza, laza gurudumu juu ya ndoo dakika kumi kila upande, kisha kapande siku hiyo hiyo. Usichanganye dawa za makampuni mawili, nyingine huganda zikikutana.

9. Upepo wa kupandia. Unategemea uzito na upana. Mpandaji wa kilo 70, tairi la 28: anzia 62 mbele, 65 nyuma. Tairi la 32: 50 na 53. Kilo 90 juu ya 28 itataka zaidi ya 72, kwa hiyo kwenye rimu isiyo na ndoano mtu huyo achukue 32. Kupungua psi chache kwa siku ni kawaida.

Kanyaga_Rongai: Asante mkuu. Sasa niweke psi ngapi?

Mwandishi: Uzito wako? Upana wa tairi? Hatua ya 9.

Mpanda_Ruaka: Yangu iliwekwa na fundi. Jioni 65, asubuhi 20. Nimeongeza dawa mara mbili.

Mwandishi: Upepo unatokea wapi?

Mpanda_Ruaka: Sijaangalia, nilidhani wewe utajua.

Mwandishi: Nitajuaje nikiwa huku? Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kingo, valvu na kila spoki. Kisha uje.

Mpanda_Ruaka: Viputo viko kwenye spoki tatu, mbali kabisa na valvu.

Mwandishi: Hiyo ni tepu. Na usidhani imetoboka hapo penye viputo: upepo ukishaingia ndani ya rimu husafiri na kutokea popote penye upenyo. Mara nyingi kosa liko kwenye tundu la valvu. Bandua yote, rudi hatua ya 3. Dawa haitibu tepu, hata umwage chupa nzima.

Dada_Pedali: Nitajuaje dawa imebaki kiasi gani bila kuvua tairi?

Mwandishi: Swali zuri dada. Weka valvu chini kabisa, subiri dakika tano dawa ituame, kisha ipandishe taratibu hadi robo ya mzunguko na utoe upepo wote. Toa kiini, irudishe chini kabisa, ingiza kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ikitoka na majimaji, iko. Ikitoka kavu, au na ute mzito, ongeza mililita 30. Kiangazi cha Januari na Februari angalia kila baada ya miezi miwili, miezi ya baridi mitatu inatosha. Ukitikisa gurudumu karibu na sikio na kusikia kitu kigumu kinabingirika, hiyo ni donge la mpira mkavu, vua usafishe.

Boda_na_Baiski: Kuna ile dawa ya pikipiki ya kibuyu, bei rahisi. Naweza?

Mwandishi: Hapana. Ni nzito, haipiti valvu nyembamba, na kipimo chake ni cha tairi la pikipiki.

Mzee_wa_Lami: Tyubulesi ni biashara tu. Tyubu za plastiki nyepesi zina gramu chini ya 40, nabadilisha kwa dakika tano.

Mwandishi: Mzee, nilisema juu kabisa nani abaki na tyubu. Kwa njia safi hoja yako inasimama. Kwa mtu anayepita kwenye vinyuzi vya chuma kila asubuhi, dakika tano zako zitajirudia. Na tyubu ya akiba naibeba pia, sijaikataa.

WaTigoni: Wiki ijayo napeleka baisikeli Mombasa. Nikijaza hapa psi 60, kule itakuwaje? Nairobi iko juu.

Mwandishi: Hili nimelipenda. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi. Ukishuka pwani inakandamiza zaidi, na geji itasoma pungufu ya kama psi 2 na nusu. Ila pwani kuna joto. Tairi likipata digrii 10 zaidi, shinikizo linapanda karibu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo vinakaribia kufidiana. Pima tu ukifika. Jambo la kuangalia zaidi ni kuacha baisikeli kwenye buti la gari juani ikiwa umejaza hadi mwisho wa rimu isiyo na ndoano. Punguza psi 10 kabla ya safari.

Dada_Pedali: Na ikitoboka njiani?

Mwandishi: Tundu liwe chini ili dawa ilifikie. Kwa shinikizo la juu dawa husukumwa nje kabla haijashika, mara nyingi inashika upepo ukishuka psi 30 au 40. Ikishika, ongeza hadi 50 hivi urudi nyumbani. Isiposhika, sukuma kamba ya kuzibia, ile nyembamba ya milimita 1.5, ya gari ni nene mno. Mitungi midogo ya kujazia upepo ya gesi ya kaboni dayoksidi iwe ya dharura tu, dawa nyingi za utomvu wa mpira huganda zikipata baridi ile. Ukiitumia, kagua dawa ukifika.

Kiserian_Juu: Niongeze: ukilazimika kuweka tyubu, papasa ndani ya tairi kwa kitambaa kwanza. Miba ambayo dawa ilikuwa imeiziba bado imechomoza ndani, kidole kitajua na tyubu itajua.

Mwandishi: Kweli kabisa, na wengi husahau. Itoe kwa koleo ndogo ukiwa unavuta kutoka nje. Yenye kichwa kilichokatika isukume kutoka ndani.

Mpanda_Ruaka: Nimebandua. Fundi alikuwa ameweka tepu ya 19 kwenye rimu ya 21.

Mwandishi: Nunua ya 23 au 24. Usisahau tyubu usiku mzima.