Kabla hujaiamini picha ya mawingu

Vuli moja, karafuu zikiwa siku ya tatu juani, mama mdogo aliniuliza aende zake msibani Chake Chake au abaki na majamvi yake. Nikafungua picha ya setilaiti kwenye simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, picha imeandikwa 09:00, na kutoka Tanga hadi Pemba hakuna hata wingu. Nikamwambia nenda. Kufika saa sita niko peke yangu uwanjani nahangaika kuanua, karafuu zimerowa chapachapa.

Kwa hiyo anza na muda. Picha hizi huandikwa kwa saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. 09:00 yao ni saa sita mchana yetu. Basi saa nne asubuhi picha ya leo ya 09:00 haijapigwa bado! Ile ilikuwa ya jana, simu imeihifadhi, nami tarehe sikuitazama. Setilaiti ya Meteosat-9, inayoangalia upande wetu wa Bahari ya Hindi tangu 2022, hupiga picha kila dakika 15 kutoka kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa hiyo ukikuta picha ya saa nzima nyuma, fungua upya.

Halafu jua ni picha ya aina gani. Ya mwanga wa jua usiku ni giza tupu. Ya infraredi inaonyesha joto: kilele cha wingu kikiwa baridi, yaani kiko juu sana, hutoka cheupe. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Wingu jepesi la juu laweza kung'aa bila kudondosha tone, na wingu fupi la baharini, lile la manyunyu ya alfajiri, joto lake halipishani sana na la maji, halionekani vizuri. Mchana zitazame zote mbili. Tena usiishie picha moja. Pitisha nne au tano za mfululizo uone wingu linaelekea wapi, linanenepa au linachakaa.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, shusha ramani mpaka Komoro na kaskazini mwa Msumbiji. Vimbunga vya kusini mwa ikweta huzunguka kama mshale wa saa. Kwetu ni nadra kwa kuwa ikweta iko karibu, lakini Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, watu wakidhani msimu umekwisha. Na dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Sisi Wapemba kutamba kwa karafuu kuna mkono wa upepo ule.

Wenye vyombo vya baharini, nyinyi kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo iwatie wasiwasi. Juni hadi Agosti picha yaweza kuwa safi na mkondo wa Pemba unachafuka, kwa sababu picha ya mawingu haionyeshi mawimbi. Someni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya upepo na bahari. Mimi hata kisiwani Misali siendi kabla ya kumuuliza aliyerudi asubuhi.

Mama mdogo siku hizi hutaka nimsomee tarehe kwanza, kisha saa, ndipo aulize mawingu. Na turubai haliondoki pembeni mwa jamvi.